Furu Mwenye Uvimbe wa Koo

Nilichaguliwa kwenda ziwani kwa sababu ya babu yangu. Babu alitoka pwani, akafanya biashara hadi Shinyanga, akaoa hapo, akafia hapo. Mimi nilizaliwa Ngokolo, mtaa wa hapo hapo Shinyanga, ambako maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa yale ya mfereji wa barabarani mvua zikishanyesha. Lakini mkubwa wangu wa ofisi, Mzungu mwenye akili nyingi sana, alitazama jalada langu akasema, "Wewe mtu wa pwani. Wewe unajua maji."

Basi nikapandishwa lori kuelekea upande wa Geita, nikamsaidie mtaalamu wa samaki aliyetoka Ulaya. Kazi yangu ilikuwa ukarani, ukalimani na kuchora, maana nilikuwa na mkono mzuri. Kuogelea hakuna aliyeniuliza.

Mtaalamu huyo alikuwa mrefu, mwekundu, mwenye haraka ya kudumu. Alikuja na mitungi miwili ya hewa ya kubeba mgongoni, viatu vya mpira kama miguu ya bata, na kamera ya sinema iliyofungiwa ndani ya sanduku la shaba lenye kioo. Alitaka kuwapiga picha furu, wale samaki wadogo wa kidole kimoja wanaoishi kwenye mianya ya majabali chini ya maji. Furu ana rangi ya jabali, na akitulia huwezi kumtofautisha na jabali. Ndiyo maana serikali ilimleta mtu kutoka mbali hivyo kuja kutomwona.

"Bwana, mamba je?" nilimwuliza siku ya kwanza, tukiwa ndani ya mtumbwi.

"Hapa hakuna mamba," alinijibu. Alikuwa amefika juzi yake.

Yeye alizama, mimi nikashika kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Kila alipoibuka alipiga kelele: "Karani! Andika! Samaki mpya!" Nami niliandika na kuchora kwa kufuata maelezo yake: huyu mweusi, huyu ana mstari, huyu rangi ya majani, huyu ana koo lililovimba kama mtu mwenye tezi. Huyu wa koo ndiye aliyempenda kuliko wote. Alisema wataalamu wa kwao watashangaa. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili tulikuwa na samaki wapya kumi na wanne. Nilianza kujiuliza wenyeji walikuwa wakila nini miaka yote hiyo.

Jirani yetu pale ufukweni alikuwa mama mmoja wa Kizinza, mjane, aliyeanika furu juu ya mawe na kuwapeleka kuuza kwa wachimba dhahabu. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba, karani. Leo mmepoteza nini humo?"

Filamu zilipelekwa Ulaya kusafishwa, zikarudi baada ya miezi. Bwana akaazima ghala la mgodi mmoja wa jirani, akaziba madirisha kwa magunia, akatundika shuka ukutani, akawaalika wakubwa wa mgodi na wake zao waje saa nne asubuhi. Yule mama alikuja pia, kwa kuwa nilimwalika mimi, akakaa chini karibu na mlango.

Mashine ikanguruma. Tukaona jabali. Kisha tukaona jabali jingine. Bibi mmoja wa Kizungu alipiga makofi kwa adabu. Bwana alikuwa akieleza kwa furaha, "Hapa namba tatu! Hapa namba tisa!" na wageni wakaitikia kwa vichwa kama watu walio kanisani.

Mara yule mama akacheka. Akainuka, akaenda hadi kwenye shuka, akaweka kidole. "Huyu hapa. Na huyu. Na huyu mnayemsahau, jicho lake lile pale." Kweli, kila alipogusa, jiwe likageuka samaki.

"Mwulize anawajua?" Bwana akaniambia.

"Nawajua," mama akajibu bila kunisubiri. "Huyu mweusi ni mume. Yule wa rangi ya majani ni mke wake. Mmewaandika mara mbili."

Nilitafsiri kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza.

"Na huyu mwenye uvimbe?" Bwana akauliza, shingo ikizidi wekundu.

"Uvimbe gani? Huyo ni mama. Amebeba watoto mdomoni. Akiona salama anawatema, akiona hatari anawarudisha. Ndiyo maana siku hizo hali kitu."

Bibi aliyepiga makofi alikohoa. Mama akaendelea kuwaoanisha mmoja mmoja, hata samaki kumi na wanne wakabaki sita.

Nilidhani Bwana atakasirika siku tatu. Alikasirika moja. Ya pili alimwomba mama aje mtumbwini atuonyeshe mahali. Lakini sikio lake lilikuwa limevimba kwa kuzama kila siku, asiweze kuingia majini. Akanitazama. "Wewe mtu wa pwani."

Nilivikwa miwani, nikashushwa kwenye maji ya kufika kifuani, nikapewa lile sanduku la shaba. Niliinamisha kichwa, nikazuia pumzi. Sikuona chochote ila mawe. Niliibuka, nikainama tena, mara nyingi. Kisha jiwe moja likapepesa jicho. Likafungua mdomo, na watoto wakamiminika nje, wadogo kama mbegu za ulezi, wakacheza mbele ya uso wake. Nikasogea. Wote wakarudi mdomoni kwa mkupuo mmoja.

"Umepiga?" Bwana alipaza sauti.

Nilikuwa nimesahau kubonyeza. Alinitukana kwa lugha mbili. Sikujali. Nikaomba kurudi mwenyewe, na siku ya nne nikampata, yeye na watoto wake, katika picha.

Ripoti ilipochapwa, nikiwa nimesharudi ofisini kwetu, Bwana alinitumia nakala. Nilirudi ziwani nikamsomea mama. Yeye alitajwa mara moja: "Wenyeji husema." Mimi sikutajwa.

"Hao wenyeji ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe, mama."

Nikamsomea na jina la kitaalamu alilopewa yule furu, nikamfasiria: mwenye uvimbe wa koo. Alinitaka nilirudie, akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akaniuliza kama nimekula, akainuka kwenda kuwasha moto.