Nilivyomfagia Mama

Mimi ni mtu msafi. Nalisema mapema, msije mkadhani haya yalinikuta kwa uchafu. Aliyepoteza mafaili kwa virusi au kwa chai iliyomwagika ana kisingizio. Mimi nilipoteza kwa usafi, tena ule wa Kigali, usio na mchezo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya usafi ya mtaa mzima. Tulifyeka majani, tukazibua mtaro, kisha tukakaa mkutanoni. Kiongozi wetu akatuhutubia kwamba anayefagia barabara huku kwake kumejaa takataka ni mnafiki. Maneno hayo yaliniingia. Nikarudi nyumbani na matope kwenye buti, nikatafuta cha kusafisha. Nyumba mke wangu alishaimaliza. Nikaiona kompyuta.

Nilifuta kila nisichokitambua. Mafaili yenye namba tupu, folda za "Mpya", "Mpya 2", "Mpya 3", zote nje. Halafu nikaona kile kindoo cha taka kwenye pembe ya skrini kimejaa. Kwa mkazi wa Kigali, ndoo ya taka iliyojaa ni kesi. Nikakimwaga. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Yaani mimi, mtu wa ofisi za serikali za Kacyiru, niulizwe uhakika na mashine? Nikabonyeza ndiyo.

Ndani ya "Mpya 3" alikuwamo mama.

Mwaka mmoja kabla hajafariki alikuwa akiuguzwa kwa dada yangu, mtaa wa Rebero. Siku moja akaomba arekodiwe. Alitaka kumwachia maneno binti wa dada, mjukuu wake wa kwanza, yachezwe siku wakwe watakapokuja kumposa, maana alijua mwenyewe hatakuwepo. Aliongea nusu saa nzima, kwa Kiswahili chetu cha Tanzania tulikokulia. Nilimrekodi kwa simu, nikahamishia kwenye kompyuta, nikafuta kwenye simu ili nipate nafasi. Usafi tena. Dada aliponiomba nakala nilimwambia simu yake imejaa picha za vitenge vya wateja wake wa cherehani, ataipoteza tu, aniachie mimi msomi. Ngoja, wiki ijayo nitakutumia. Wiki ijayo hiyo ilikwenda miaka mitatu.

Siku ya wakwe ilipopangwa, dada akanikumbusha. Nikafungua kompyuta kwa madaha, nikatafuta, nikatafuta tena. Nikaelewa nilichokifanya. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya msiba wenyewe.

Mtu mwenye akili angeizima mashine na kutafuta fundi. Mimi nilikwenda mtandaoni. Nikashusha programu ya kuokoa mafaili. Ikashindwa. Nikashusha ya pili. Ya tatu ilinipokea kwa picha ya Mzungu aliyevaa vipokea sauti, anacheka, sijui anachekea nini. Nikamalizia na ya nne.

Ndipo nikaenda Nyamirambo, kwa mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma fundi aliyeanza kwa kutengeneza redio kabla kompyuta hazijatufikia. Aliangalia skrini, akavua miwani.

"Hizi programu nne, bwana, ni wewe uliweka?"

Nikakubali. Akanieleza polepole, kwa upole ulioniuma kuliko tusi. Kwenye diski ya zamani kama yangu, kilichofutwa bado kimelala palepale, mpaka uje uweke kingine juu yake. Kwa hiyo kila programu niliyoishusha ije kumwokoa mama, ilikwenda kumkalia.

Baada ya siku mbili akanirudishia mamia ya mafaili. Mihtasari ya vikao, mizima kabisa. Matoleo saba ya ripoti kuhusu kupunguza wingi wa ripoti. Picha yangu nikipokea cheti cha mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, nimetabasamu meno yote nje. Hata nukta haikupotea. Kwa mama zilipatikana sekunde kumi na mbili za mwanzo.

Nilimkuta dada kwenye cherehani, anashona nguo za sherehe. Njiani nilikuwa nimetunga hotuba kuhusu ubovu wa teknolojia. Akanikatiza, akasema nicheze tu.

Sauti iliyotoka kwanza ilikuwa yangu. "Ngoja kwanza, mama. Usiseme bado."

Kisha yeye, karibu kabisa, kama yuko chumbani. "Haya baba, nangoja."

Halafu mikwaruzo, basi.

Dada aliirudia mara tatu. Nilitamani anitukane, nilikuwa nimeshajiandaa. Alifuta macho kwa kipande cha kitambaa, akanisogezea simu yake.

"Nitumie. Na leo usiniambie ningoje."

Nikatuma palepale, nimesimama. Nikamwomba, kwa ajili ya sherehe, akate sehemu yangu abakize ya mama. Akauliza watu wataelewaje mama anamjibu nani, akaendelea kushona.

Siku ilipofika, binti alikaa mbele, watu wakanyamazishwa. Wakatangaziwa kwamba bibi yake alimwachia maneno. Spika kubwa mbili zikawashwa, na turubai zima, wakwe kwa wenyeji, likanisikia nikimwambia mama asiseme.