Sare ya Mazishi

Baba alipofariki, shangazi alimpigia mama simu kutoka Ngaremara akamwambia aje mazikoni na gauni jeupe. Halafu akakata. Mama hakumpigia tena kuuliza sababu. Tangu baba aoe mke wa pili na kuhamia huko, mama na dada zake baba walikuwa hawaongei zaidi ya salamu.

Mimi simu hiyo haikunipendeza hata kidogo. Kesho yake nilipita kwa fundi wetu hapa Bulla Pesa, nikakuta meza imejaa kitenge cha zambarau. Akasema ni sare ya mazishi, shangazi ameagiza ya familia nzima, hata yangu imo. Nikauliza ya mama. Hiyo fundi hakuwa ameagizwa. Damu ikanichemka. Yaani sisi sote zambarau, na mama peke yake nyeupe, aonekane kama mpita njia.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama kabla hata sijavua viatu. Akafunua sufuria, akaitazama, akaifunika tena.

"Nimemzalia watoto wanne," akasema. "Hawatanitoa kwa hii familia na rangi ya nguo."

Alinunua kitenge kilekile, fundi akashona.

Siku yenyewe tulikuta hema limejaa zambarau: mashangazi, baba wadogo, binamu, hadi wajukuu. Mama alikaa katikati yao, shingo juu. Mimi nilikaa nyuma yake nikimwangalia shangazi kwa jicho la pembeni, nikingoja aseme kitu. Ndipo nikaona, mbele kabisa karibu na jeneza, viti viwili vimetengwa. Kimoja alikikalia mama mdogo, yule mke wa pili, amevaa gauni jeupe. Kingine kilikuwa kitupu.

Nilimgusa mama begani nikamnong'oneza aende akae. Alikuwa ameshaona. Pasta akaomba wajane wasimame, na mama mdogo akasimama peke yake. Alitazama kile kiti, kisha akageuka kututazama sisi, na watu wote wakageuka naye.

Mpaka leo namshuku shangazi. Angesema tu kwenye simu kwamba wajane watavaa nyeupe, ingempunguzia nini? Nilimwambia mama hivyo palepale, kwa hasira. Yeye alikuwa anatazama zile nyuso.

"Hawa wote," akasema, "wanafikiri nimemkataa baba yenu."