Ndoo Nne Juu ya Tuta

Watu wa Ahero wakikwambia kwamba uwanja wa mbio za mikokoteni uliuawa na mwanamke, usibishane nao. Mwanamke mwenyewe ni mimi. Nimechoka kusikia habari hizo zikinong'onwa kila nikipita sokoni, ndiyo maana nimeamua kuzieleza mwenyewe kinagaubaga.

Tulikuwa wauza maji. Mvua ikinyesha sana hapa kwenye tambarare za Kano, maji hujaa mpaka vizingitini lakini ya kunywa hakuna, na anayeshangaa jambo hilo hajawahi kuishi kwetu. Tulichota kwenye kisima cha pampu tukasambaza majumbani kwa mikokoteni ya punda. Wanaume walikuwa wengi. Wanawake tulikuwa wawili, kisha mwenzangu akahamia Bondo nikabaki peke yangu. Punda wangu alikuwa jike, mfupi, wa rangi ya majivu, na wanaume walimcheka mpaka walipoanza kushindwa naye.

Mbio zilizaliwa kwenye foleni ya pampu. Kila mmoja alijigamba kwamba yeye ndiye anayefika mjini kabla ya wengine. Jirani yangu, ambaye boma lake na langu vimetenganishwa na ua wa minyaa tu, ndiye aliyekata ubishi. Alisema kufika mapema ni kazi bure kama ndoo zinafika nusu. Basi tukapatana hapo hapo: kila mkokoteni ubebe ndoo nne zisizo na vifuniko, zijazwe pomoni, na kila ndoo ipakwe mstari mwekundu vidole viwili chini ya mdomo. Atakayemaliza wa kwanza, maji yake yakiwa bado yameufunika mstari, huyo ndiye bingwa. Tukamfanya jirani yangu mwenyekiti kwa sababu wazo lilikuwa lake, na wachache wetu, mimi nikiwemo, tukawa kamati.

Uwanja tuliupata bila kutafuta sana. Kulikuwa na shamba la mpunga ambalo mafuriko yalikuwa yamelijaza mchanga hata mwenyewe akalitelekeza. Tuta lililolizunguka lilibaki zima, pana kiasi cha mkokoteni mmoja, isipokuwa kwenye kona moja tuliyoipanua kwa majembe ili watu wapate kupitana. Raundi tatu juu ya tuta hilo, kila Jumapili baada ya kanisa. Bingwa wa Jumapili iliyopita alianza mbele, na wengine wakajipanga nyuma yake.

Sheria ya maji ilifanya kazi ambayo hakuna mhubiri aliyewahi kuifanya. Ukimchapa punda anaruka, na akiruka ndoo zinamwagika, umekwisha. Kwa hiyo fimbo ziliachwa nyumbani. Ilibidi punda aende mchakamchaka, mgongo umetulia, na dereva amshike kwa maneno. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma kusikia wanaume wenye midomo michafu kuliko wote Ahero wakiwabembeleza punda wao kwa sauti nyororo, wakiwaita mama, wakiwaita mchumba. Mimi wangu nilimwimbia nyimbo za kanisani. Alizipenda, hasa zile za mwendo wa kati.

Tulishinda Jumapili baada ya Jumapili. Watu wakaanza kuja, kwanza wa Ahero, halafu wa Kisumu waliokuwa wakipita barabarani wakaona umati. Mama mmoja alileta omena wa Usenge, wale dagaa wa ziwani, akawakaanga hapo hapo. Kwaya zilikuja na sare zao. Hata mchungaji aliyetukemea madhabahuni alionekana amesimama karibu na kona, miwani mkononi, akimpigia kelele punda wa shemeji yake. Sisi tulioitwa watu wa punda kwa dharau tulianza kuamkiwa barabarani. Nilijivuna, nakubali, na sijutii kujivuna kwangu.

Kisha akaja bwana mmoja kutoka Kisumu, mwenye gari kubwa, mahema na vipaza sauti. Sisi tulimwita Mgeni na jina likamkaa. Alitazama mbio moja, akaita kamati chini ya hema.

"Hii maji inawachelewesha," alisema. "Watu wanabeti na simu, wanataka spidi. Nani atabetia ndoo?"

Kamati ikafuta sheria ya maji siku hiyo hiyo. Nilikuwa mtu pekee aliyeinua mkono kupinga. Jumapili iliyofuata fimbo zilirudi, na mijeledi ya ngozi iliyonunuliwa mpya. Sikushindana siku hiyo. Nilisimama pembeni na punda wangu. Nilimwona mwenyekiti akimchapa punda wake dume, mnyama aliyemlea tangu akiwa mtoto, mpaka mnyama akaruka nje ya tuta na mkokoteni ukamwangukia. Alivunjika mguu wa mbele. Ilibidi amalizwe pale pale, na vipaza sauti vilikuwa bado vinapiga muziki. Mbio zikavunjika bila bingwa.

Jumanne asubuhi nilimkuta mwenyekiti barabarani akivuta mkokoteni mwenyewe, mkanda wa punda umempita kifuani. Hakuniangalia na mimi sikumsalimu, kwa kuwa sikujua mtu anasalimiwaje katika hali hiyo.

Wiki hiyo hiyo alikuja kwangu. Mgeni alikuwa ameandaa siku kuu ya mbio, wageni wengi wangetoka mjini, na alikuwa amemwahidi mwenyekiti punda mpya endapo siku hiyo ingefana. Lakini Mgeni alimtaka bingwa. Watu walikuwa wameona picha za punda wangu kwenye simu.

"Nyaminwa," aliniambia, akiniita dada yetu kwa Kijaluo, "siku moja tu. Kama hiyo punda yako haiko, hawa watu hawakuji. Na wasipokuja, mimi sina punda."

"Itachapwa?"

"Kidogo tu. Kama zingine."

"Yako ilichapwa kidogo?"

Alivuta kola ya shati kufunika bega. Bega lake lilikuwa limechubuka, na nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Nilijua uzito wa jambo analoniomba. Nilijua pia kwamba punda wangu hakuwahi kuonja fimbo mikononi mwangu na hangeionja kwa ajili ya simu za watu.

"Nitakuja," nikamwambia.

Alinishukuru sana. Sikumwambia nitakuja vipi.

Siku yenyewe nilipitia kwenye pampu. Nilijaza ndoo nne mpaka zikatetemeka mdomoni, nikafika uwanjani mchakamchaka, nikajipanga mbele, mahali pa bingwa. Mikokoteni mingine yote ilikuwa mitupu. Mgeni alikuja mbio.

"Mama, mwaga hiyo maji!"

"Nionyeshe mahali wamesema nimwage," nikamjibu.

Akamgeukia mwenyekiti, mwenyekiti akaigeukia kamati. Walikuwa wamefuta sheria ya kubeba maji, lakini katika haraka yao hakuna aliyekumbuka kuyakataza. Na nafasi ya mbele ilikuwa yangu kwa desturi waliyoiweka wao, kwa kuwa bingwa wa mwisho nilikuwa mimi. Kipenga kikalia.

Tulikwenda mchakamchaka, mimi na punda wangu, na nyuma yetu mikokoteni saba ikabanana juu ya tuta. Mijeledi ililia hewani. "Yawa, mama, songa!" walipiga kelele. "Songa, unatuharibia!" Nilianza wimbo wa kwanza. Tulipofika kwenye kona ya kupitana nilishika katikati, na hakuna aliyepata upenyo wa kulia wala wa kushoto. Watu wa mjini walizomea. Upande wa watu wa kwetu, mama wa omena akapaza sauti, "Haijamwagika!" na kicheko kikazunguka uwanja mzima. Raundi ya pili nilipita tena katikati. Kufikia raundi ya tatu mijeledi ilikuwa imenyamaza, maana haikuwa na kazi, na punda wote wanane walikuwa wakienda mwendo mmoja kama zamani. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nilijua wazi ninachokiharibu.

Nilimaliza wa kwanza. Hakuna aliyekuja kukagua ndoo, kwa hiyo nilimwita mwenyekiti kwa sauti, mbele ya wageni wake, aje aangalie mistari. Alikuja akaangalia. Maji yalikuwa juu ya yote minne. Alisema, "Umeniua," akaondoka.

Mgeni aling'oa mahema mchana ule ule. Kamati ilinifungia maisha. Jumapili iliyofuata walikuja watu wachache, ile nyingine hakuna, na msimu wa kupanda ulipofika mwenye shamba aliondoa mchanga akarudisha mpunga. Nililia kwa ajili ya uwanja ule, sioni haya kusema. Lakini anayedhani nililia kwa majuto hanijui. Kama ni kuufunga kwa mikono yangu mwenyewe, ningeufunga tena.

Ila punda wa kuahidiwa hakuja, na mwenyekiti akaendelea kuvuta. Hilo ndilo lililoninyima raha. Nilimtumia ujumbe kwamba amchukue wangu siku tatu kwa wiki, mimi nibaki na tatu, na Jumapili mnyama apumzike. Alijibu kwamba hawezi kulishwa na punda aliyemdhalilisha. Nikamwacha avute. Baada ya mvua za masika, barabara ilipokuwa tope tupu, alikuja asubuhi na kamba mkononi. Nilimpa sharti moja, nanyi mnalijua. Akaapa kwa marehemu mamake.

Jioni alimrudisha. Nilimfungua punda mkanda, nikampapasa shingoni, mgongoni, mapajani, chini ya tumbo, mbele ya macho ya jirani yangu, polepole, bila aibu yoyote. Mwenyekiti alisimama pale kofia mkononi mpaka nikamaliza. Sikupata alama hata moja.

"Umeridhika?" akaniuliza.

"Leo, ndiyo," nikamwambia. "Kesho kutwa nitaangalia tena."