Kaka Alivyopima Gari Lisilokuwepo

Kaka yangu ni mkaguzi wa mizani. Kazi yake ni kuzunguka madukani na mabuchani na begi la mawe ya chuma ya kupimia, kuhakikisha kilo ya muuza nyama ni kilo kweli, si kilo ya maneno. Mtaani wanamwita Bwana Mizani, na jina limemkaa kuliko hata lile alilopewa na wazazi wetu. Katika kazi hiyo kuna sheria moja anayoishika kama sala: kabla ya kupima mzigo, pima kwanza chombo kitupu. Ukishajua uzito wa debe, hakuna atakayekudanganya uzito wa mchele.

Kwa debe, sawa. Shida ni kwamba kaka anaamini sheria hiyo inafaa kwa kila kitu chini ya jua. Kabla ya kuoa, aliishi mwezi mzima akiandaa sahani mbili, akinunua sabuni mbili na kulala upande mmoja wa kitanda, ili ajue mke atagharimu kiasi gani kabla mke mwenyewe hajafika. Mimi naishi naye, nashona nguo katika chumba cha nyuma, na ile sahani ya pili nilikuwa naila mimi. Sikulalamika.

Mke alifika, na ni mke kweli. Wifi yangu anaoka keki. Zamani aliendesha gari la kiwanda cha mikate, mpaka kiwanda kikafungwa. Usukani anaujua na tanuri analijua. Kaka hajui kuendesha hata toroli. Mwaka huu hoteli moja kubwa ikampa wifi nafasi aliyokuwa akiiota, kuwapelekea keki zao zote za harusi. Ila mpishi mkuu wa hoteli, mama mmoja asiyecheka, aliweka sharti kwamba keki ije kwa gari na ifike ikiwa imesimama. Alikuwa amesikia habari za keki ya ghorofa tatu ambayo wifi alimkabidhi mtu wa pikipiki, ikafika uji.

"Miezi mitatu kuanzia leo, Ijumaa asubuhi," mpishi alisema. "Ukiniletea keki nzima, kazi ni yako. Ukiniletea hadithi, kwaheri."

Akiba ya wifi, aliyoidunduliza keki kwa keki, ilitosha kutanguliza malipo ya gari lililotumika na mengine alipe kwa awamu. Au ingetosha kukodi gari kwa mwezi, mwaka mzima. Tukakaa mezani watatu.

"Nunua," nilimwambia. "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Gari si nguo, wifi," akanijibu. "La kukodi likiharibika ni shida yao. La kununua likikohoa tu, mimi ndiye nitakayelinunulia dawa."

"Na mwisho wa mwaka utabaki na nini? Risiti?"

Kaka alikuwa anakunywa chai mpaka akaimaliza. "Mnagombania mzigo," alisema, "na hakuna aliyepima chombo. Nipeni hiyo akiba. Mwezi wa kwanza nitamiliki gari. Mwezi wa pili nitalikodi. Vyote bila gari. Tukishazijua gharama tupu, tutaamua."

Wifi akampa. Anampenda, na huo ndio udhaifu wake pekee ninaoujua.

Kaka alikodi nafasi ya kuegesha kwa mwenye nyumba, akaizungushia mstari wa chokaa, akapanga humo viti vyetu vinne vya jikoni, viwili mbele na viwili nyuma. Sisi tukawa tunakula tumesimama. Kampuni moja ilikataa kumkatia bima. Ya pili ikauliza tu rangi ya gari. Mlinzi alilipwa kulilinda, na baada ya muda akadai nyongeza, akisema gari jipya huvuta wezi. Mwosha magari alikuja, akamwaga maji sakafuni, akapokea chake na kuondoka akishukuru. Kila asubuhi kaka alikaa kiti cha mbele kwa muda wote wa foleni, akiangalia mbele kwa hasira, halafu akainuka na kwenda kazini kwa miguu. Alichelewa kila siku. Alimwambia bosi wake ni foleni, na bosi akamwelewa.

Ningecheka, kama si majirani. Watu wazima, wenye akili zao, walianza kuizunguka ile nafasi badala ya kuikatiza. Mama wa ghorofani alikuja kulalamika kwamba gari letu limemzibia njia. Kaka akashuka, akasogeza viti, akamwomba radhi. Bwana mmoja aliomba lifti mpaka kituoni, akaambiwa gari linaelekea upande mwingine, akanuna hata salamu hakutoa tena. Siku moja nilipita makusudi katikati ya viti na kapu langu la vitambaa, na mwenye nyumba akanikemea.

"Binti, utalikwaruza," alisema.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana wazimu wa mtu mmoja unatibika.

Mwezi wa pili kaka alikwenda kwenye ofisi ya kukodisha magari. Nilimsindikiza nikitumaini watamfukuza. Karani, kijana mwenye tai fupi na mkono mwepesi wa kugonga mihuri, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Inawezekana," alisema. "Wateja wetu wengi hulipa kwanza, gari wanalipata baadaye. Wewe utalipa tu. Inatupunguzia kazi."

Mwezi ulipoisha, kaka alikwenda kurudisha gari ambalo hakupewa. Karani alitoka nje, akazunguka hewa, akainama kukagua tairi.

"Umezidisha kilomita," alisema.

"Halikuondoka hata siku moja," kaka akamjibu.

"Basi limekaa mno, betri imekufa. Hiyo ina faini yake."

Kaka alilipa faini na kurudi nyumbani uso unang'aa. "Mnaona?" alituambia. "Mambo kama haya huwezi kuyajua mpaka uyapime." Lakini vipimo vyake viwili vilikuwa havilingani, na kazini kwao vipimo viwili vikigombana, cha tatu ndicho kinachoamua. Akarudi kwenye viti. Wifi alimkumbusha kwamba Ijumaa inakaribia. Akasema anajua, anajua.

Ijumaa ilifika. Keki ilikuwa tayari, ghorofa tatu za krimu nyeupe na maua ya sukari ambayo wifi aliyafinyanga kwa vidole vyake moja moja. Alivaa gauni nililomshonea kwa siku hiyo, akaibeba keki mpaka pale penye chokaa, akakaa kiti cha abiria, akaiweka mapajani. Kaka alikuwa kiti cha dereva, katikati ya foleni yake.

"Twende," wifi alimwambia. "Mpishi ananisubiri."

"Mke wangu, unajua kabisa kwamba..."

"Twende, bwana. Umelipia bima, umelipia mlinzi, umelipia mpaka betri. Linashindwa nini kuondoka?"

Jua lilikuwa linapanda na krimu imeanza kulainika. Majirani walijaa vibarazani. Wifi hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Laiti angepiga kelele, ningemsaidia. Machozi yalimtoka, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilishika keki.

"Akiba imebaki kiasi gani?" nilimuuliza kaka.

Akataja. Ilitosha kukodi miezi miwili, basi. Ya kununua ilikuwa imemezwa na sakafu.

"Kaka, umekula gari la mkeo," nilimwambia, "na hukuacha hata usukani."

Aliangalia mikono yake. "Niliogopa," alisema. "Nikimchagulia vibaya, jasho lake lote la tanuri linapotea, na aliyelipoteza ni mimi. Nikasema nipime mpaka niwe na hakika."

"Na sasa una hakika?" wifi akamuuliza.

Aliinuka, akaichukua keki kutoka mapajani mwake, akaanza kutembea. Tukamfuata, wifi mbele akifungua njia, mimi nyuma nikiikinga keki na mwavuli. Niwaondolee wasiwasi mapema: keki ilifika hotelini nzima, yule mama akaizunguka, akasema "Haya," na hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Lakini kabla ya hoteli tulipita ofisini kwa karani.

"Karibu, mteja wetu bora," karani alimwambia kaka. "Safari hii tukupe la aina gani?"

"La chuma," wifi alidakia. "Lenye magurudumu. Na funguo nipe mimi."

Karani alifadhaika. Alifungua droo moja baada ya nyingine kabla hajakumbuka funguo huwekwa wapi. Alipopiga hesabu, gari lililopo likawa nafuu kuliko lisilokuwepo, kwa kuwa halikuwa na faini. Akamsogezea wifi mkataba, halafu, kama mtu wa biashara asivyoweza kujizuia, akainama mezani.

"Dada, mtu kama wewe kwa nini usinunue kabisa? Tunauza pia. Liwe lako moja kwa moja, mpaka kufa."

Wifi akageuka. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, krimu inamtiririka mpaka kwenye viwiko, na ghorofa zote tatu zimesimama wima.

"Cha mpaka kufa ninacho kimoja," wifi alimwambia karani, "na gharama zake zinanitosha. Gari nipe la mwezi."

Akatia saini, akachukua funguo, akaenda kumfungulia kaka mlango wa nyuma wa gari.