Doa kwenye Boneti ya Buluu

Ijumaa hiyo nilirudi kutoka Kisii mjini saa tisa na nusu alasiri, mkononi nina kopo la nta, na nilipoingia tu bandani nilijua kuna mtu amegusa gari langu. Shuka la pamba ninalolifunikia lilikuwa limekunjwa mara nne na kuwekwa juu ya kiti. Mimi silikunji. Mimi hulivuta na kulitundika msumarini.

Upande wa kushoto wa boneti palikuwa na doa kubwa kama sahani ya ugali, limefifia, halina mng'ao, kama maziwa yaliyomwagika juu ya buluu na kufutwa vibaya. Nililigusa. Lilikuwa laini ajabu. Ulaini wa namna hiyo hauji wenyewe. Mtu alikuwa amepiga msasa.

"Umeona?" Tata aliniuliza kutoka mlangoni. Ndivyo tunavyomwita baba kwetu, Tata. Alikuwa amebeba ndoo ya maji, na mikono yake ilikuwa myeupe kwa vumbi la mawe hadi kwenye viwiko. "Lile doa la mavi ya ndege ulilokuwa ukililia kila siku kwenye chai. Nimelitoa. Nimetumia msasa wangu mwembamba kabisa, na maji mengi. Imebaki nta tu."

Alikuwa anatabasamu. Amechonga na kusugua mawe ya sabuni ya Tabaka tangu kabla sijazaliwa, na jiwe lake likitoka mkononi unaweza kujiona usoni. Kwake, kitu chochote kilichofifia kinahitaji maji, msasa na subira.

Gari lenyewe ni la spoti, la Kijapani, viti viwili, taa za mbele zinazochomoza kama macho ya chura ukiziwasha. Mama huuliza kila akiliona, "Viti viwili, na sisi nyumbani ni sita. Ulimnunulia nani?" Sikumnunulia mtu. Nilitoka hapa na begi moja. Katika nchi za Ghuba nilianza kwa kufagia karakana, nikaosha magari, nikasugua milango ya watu ambao hawakuwahi kuniuliza jina, na jioni nikaenda darasani mpaka nikapata diploma ya bodi na rangi za magari. Hakuna aliyenishika mkono. Diploma hiyo imetundikwa bandani ndani ya fremu, na sioni sababu ya kuificha.

Gari nililikuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu, mchanga umejaa hadi kwenye viti. Nililifufua kwa miaka mitatu, nikalisafirisha hadi Mombasa, nikaliendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Milango niliipaka upya. Boneti sikuipaka. Ilikuwa bado na rangi yake ya kiwandani, na juu ya rangi ile vanishi angavu ambayo sisi mafundi huiita klia. Mtu yeyote mwenye kompresa anaweza kupaka rangi mpya. Kuihifadhi ya zamani ni kazi ya wachache, na mimi ni mmoja wao.

Sasa, Jumapili saa mbili asubuhi alikuwa anakuja mzee mmoja kutoka Nyamira, mpimaji ardhi aliyestaafu. Naye ana gari la spoti, jeupe, alilomchukulia mke wake siku ya arusi. Tangu mke huyo afariki, gari limelala ghalani katikati ya magunia. Mafundi watatu walikuwa wameomba kulitengeneza na wote aliwakataa. Mimi aliniambia kwenye simu, "Kwanza nitaiona kazi yako. Nikiridhika, nakuachia ufunguo." Tangu nirudi nilikuwa nimewatangazia watu kuanzia Keumbu hadi Nyamarambe kwamba nimekuja kurekebisha magari ya aina hiyo. Miaka miwili ilikuwa imepita, na nilichokuwa nimepaka ni matangi ya bodaboda na lango la kanisa. Gari la mzee huyo lingekuwa la kwanza. Nikilikosa, watu wangekuwa na haki ya kunicheka.

Na boma letu ni la Wasabato. Jua likizama Ijumaa, hakuna mashine inayonguruma mpaka lizame tena Jumamosi, na likishazama Jumamosi ni giza. Klia haing'arishwi gizani. Taa ya bandani huficha mikwaruzo ambayo jua la asubuhi litaianika yote. Kwa hiyo nilikuwa na saa tatu, basi.

Nilichukua kipimo changu cha unene wa rangi, kidude kidogo kama simu, nikakiweka kwenye boneti. Mahali pazima husoma mikroni mia moja na kumi. Kwenye doa kilisoma themanini na nne. Nikakisogeza. Themanini na moja. Nikakisogeza tena. Sabini na tisa. Kila namba iliyopungua ilikuwa klia iliyoondoka, na klia ikiisha unaifikia rangi yenyewe. Rangi ya kiwandani ikitoka, imetoka.

"Inasema nini hiyo redio yako?" Tata aliuliza.

"Inasema mtu asiguse kitu."

"Nimekosea?"

"Tata, niache kwanza nifanye kazi."

Hakuondoka. Aliiweka ndoo chini polepole, bila kutoa sauti, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa, akasimama karibu na ukuta. Nilimwona akikunja vidole na kuvificha ndani ya viganja. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na yote yalikuwa mabaya. Niliyameza, si kwa wema, ila kwa sababu muda ulikuwa unakwenda.

Nilianza kwa mkono, na msasa wangu mwembamba zaidi kuliko wake, kufuta njia ulimopita msasa wa mawe. Halafu nikawasha mashine ya kung'arishia. Sponji ikazunguka, dawa ikasambaa nyeupe, nikaifuta. Ukungu ulikuwa umepungua kidogo. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye chuma kupima joto. Nikarudia. Nikapima: sabini na saba. Nikarudia. Mara ya nne buluu ilianza kuonekana chini ya ukungu, nzito, na mara ya sita niliona tawi la mparachichi lililo nje ya mlango likijichora ndani ya boneti, jani kwa jani. Kazi kama hiyo haifanywi na kila mtu. Nasema hivyo bila kuona haya.

"Jua linakaribia ule mkaratusi!" Mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Likiufikia, hiyo waya naichomoa mwenyewe. Leo ni siku ya maandalio, si siku ya kelele."

"Mama, bado mapema!"

"Liambie jua una diploma, labda litakungoja!"

Ilibaki sehemu moja, ukingo wa doa, pale ambapo boneti ina mgongo mrefu unaoelekea kwenye kioo. Kwenye mgongo rangi huwa nyembamba kuliko mahali pengine popote. Ndilo somo la kwanza nililowafundisha wanafunzi niliokuja kupewa kule Ghuba: usiwashe mashine kabla hujafunika mgongo kwa utepe wa karatasi. Niliwafokea watu wazima kwa kosa hilo. Utepe wa bandani ulikuwa umeisha. Mwingine ulikuwa chumbani kwangu, hatua kama thelathini. Nilitazama mlango, nikatazama mkaratusi, nikasema moyoni kwamba mkono wangu ni mwepesi, nitapita mara moja tu.

Sauti ya sponji ilibadilika kabla sijaona chochote. Niliinua mashine. Sponji ilikuwa ya buluu.

Klia haina rangi. Sponji ikitoka na buluu, umekwisha. Kwenye mgongo palikuwa na mstari wa kijivu, urefu wa kidole cha shahada, ambapo rangi ya kiwandani ilikuwa imekaa tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Mashine ikanyamaza mkononi mwangu. Mama alikuwa amechomoa waya.

Tata alisogea. "Hiyo ni mbaya?"

"Ni mbaya."

"Ni kwa sababu yangu," alisema.

Sikujibu. Kanisani kesho yake tuliketi benchi moja, na sikujibu. Tulikula viazi vilivyopikwa siku iliyotangulia, yeye akinitazama kila nilipoinua kikombe, na bado sikujibu. Nilijiambia kwamba kama asingegusa boneti, nami nisingeigusa. Ilikuwa kweli, na haikunipa usingizi.

Mzee wa Nyamira alifika Jumapili kabla ya saa mbili, suti ya kijivu, kofia mkononi. Alimsalimia Tata kwanza, kwa mikono miwili, kisha akalizunguka gari langu. Alitazama chini ya milango. Alipitisha mgongo wa mkono juu ya paa. Alipofika kwenye boneti alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hii ni ya kiwandani."

"Ndiyo, mzee."

"Nilidhani sitaiona nyingine." Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, na nilisikia funguo zikigongana. Kisha akainama. "Na hapa pamefanyika nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Tata alikuwa amesogea mbele.

"Hapo ni mimi," alisema. "Kijana hakuwepo. Nilichukua msasa wangu wa mawe nikadhani namsaidia. Mzee wa kijijini, unajua, anaona kila kitu ni jiwe." Akacheka. Kicheko hicho sikuwahi kukisikia kwake.

Mgeni naye alicheka, akampiga bega. "Wazee wenzangu! Mimi nilipaka mafuta ya alizeti kwenye dashibodi ya langu. Basi fundi hana kosa." Mkono ukatoka mfukoni na ufunguo.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono tu. Msasa ulikuwa umepita kweli. Nusu ya hadithi ilikuwa ya kweli, na hiyo nusu ingetosha. Nilimtazama Tata. Alikuwa ananikazia macho ninyamaze.

"Hapana, mzee," nilisema. "Msasa wa baba niliutoa wote, haujaacha hata alama. Huo mstari ni wangu. Ni mashine yangu, Ijumaa jioni. Sikuweka utepe. Nilikuwa na haraka."

Mgeni aliitazama fremu ukutani. "Na ile ni yako?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Aliurudisha ufunguo mfukoni. Alisema atafikiri. Aliagana na Tata kwa heshima ileile, na gari la kawaida alilokuja nalo likapotea kwenye njia ya machimboni.

Tata alinigeukia. "Nilikuwa nimeshakutoa lawamani! Nani alikuuliza? Miaka yote hiyo ng'ambo hukujifunza kunyamaza?" Sijawahi kumwona na hasira kama ile. Alichukua ndoo yake akaenda kwenye mawe, na mpaka jioni nilisikia tupa yake ikikwaruza kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Jumatano mpimaji ardhi alirudi. Hakulileta lile gari jeupe. Alileta kifuniko cha buti yake ya nyuma, amekifungua mwenyewe na kukifunga ndani ya blanketi. "Fanya hiki kwanza," alisema. "Halafu tutaona." Nilikipokea kwa mikono yote miwili. Mwaka huohuo nililirudisha gari zima likiwa jeupe kama siku ile ya arusi, na tangu hapo nimefanya mengine matano. Atakaye kujua ubora wa kazi yangu aje aangalie.

Ule mstari wa kijivu sijaupaka. Wateja huuliza, na Tata akiwa karibu huwahi kujibu kwamba ni yeye, msasa wake wa mawe, mzee wa kijijini. Ameisimulia hadithi hiyo soko zima na ina mapambo mapya kila mara. Juzi tu alikuwa amemshika mgeni mwingine mkono, wameinama wote wawili juu ya boneti, anamwonyesha kwa kidole jinsi alivyosugua. Nikamkatiza, nikasema ni mimi. Mgeni akaniangalia. Tata aliinuka, akajifuta vumbi kwenye suruali, akanitazama kana kwamba nimemnyang'anya kitu chake.