Kompaila Ambayo Danford Alimnyima Florian

Umewahi kuona mtu mzima analilia kitu ambacho kiko mbele yake, kizima, anakisoma, na hawezi kukitumia?

Mimi nimemwona. Kaka yangu Danford, Musoma, mwaka 1998.

Alikuwa anachapia watu barua kwenye kompyuta ya dukani kwa Mzee Machage. Mwalimu mmoja wa kujitolea, kabla hajarudi kwao Ulaya, alimwekea humo kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yako kuwa kazi ambayo kompyuta inaielewa. Ya bure! Na maandishi yake ya ndani yako wazi: soma, badilisha, mpe umtakaye.

Lugha yake ya kifunksheni, yaani programu nzima unaijenga kwa kuunganisha vijikazi vidogo vidogo vinavyoitwa funksheni. Danford aliniambiaga, "Wegesa, humu hata funksheni inakula funksheni." Nikacheka tu, sielewi kitu.

Kwa lugha hiyo akaandika programu ya kupanga zamu za maji mtaani, maana mgao ulikuwa unatutoa roho. Ijumaa profesa mgeni angefika Butiama kuchagua kijana mmoja akasome nje. Sharti, programu yako ifanye kazi mbele yake. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilishafungwa, hivyo nyumba nzima tulikuwa tunaitazama hiyo Ijumaa.

Florian wa Bunda, aliyefundishwa na mwalimu yuleyule, naye aliitaka nafasi. Akaja na diski kwenye mfuko wa rambo.

"Kaka, nikopie na mimi kompaila."

"Diski zako zina virusi," Danford akamjibu, hata hakuzigusa.

"We Danford, si umepewa bure hiyo kitu?" nikamwambia.

"Kaa kimya. Hujui ushindani wewe."

Florian akarudi Bunda mikono mitupu. Niliona aibu mimi.

Jumatano Mzee Machage akafungua mafaili kwenye mashine yake. Mengine yakaleta vikopa, vijisura vinavyocheka, alama za ajabu ajabu. Miaka ile virusi vya kompyuta viliogopwa kuliko kipindupindu. Akayafuta yote.

"Nimewaokoa, wanangu," akatuambia kwa furaha. "Yanayosomeka nimeyaacha."

Danford akashika kichwa. Vile vikopa ndiyo ilikuwa kompaila yenyewe, ikiwa imeshageuzwa lugha ya mashine, pamoja na programu yake iliyokuwa tayari. Yamebaki maandishi tu.

"Si uitengeneze upya? Maandishi yake si yapo?"

"Imeandikwa kwa lugha yake yenyewe, Wegesa! Ili niitengeneze, lazima niwe nayo."

Akalia. Kaka yangu, na ndevu zake.

Nyumbani mama alikuwa anatia mgando kidogo wa kuanzishia kwenye maziwa mapya. Kibuyu chake kilikuwa kimepasuka, mgando ukamwagika wote, basi akaenda kuomba kwa jirani Boke, ambaye mwanzo mama mwenyewe ndiye aliyemgawia. Akatusikia tunavyolalamika.

"Kachukue kwa uliyempa," akasema. "Si yupo?"

Danford akageukia ukutani. Hakuwa amempa mtu.

Ijumaa hakuamka. "Niende kuonyesha nini?" Nikaenda mimi, angalau niombe wamsogezee siku.

Butiama nikamkuta Florian na karatasi. Programu yake ameiandika kwa mkono, kompyuta hajaigusa. Nikamwonea huruma.

Profesa akachomoa diski kwenye mkoba, akaiingiza kwenye mashine aliyokuja nayo. Kompaila ileile! Kumbe yule mwalimu wao ndiye aliyempa.

"Nimewaletea wote," akasema kwa Kiswahili cha taratibu. "Mwenye maandishi tu, yanatosha."

Maandishi tu. Ya Danford yapo Musoma, mazima, hakuna hata mstari uliofutwa!

Nikaomba wasubiri. Wakasema gari la profesa linaondoka saa kumi. Simu za mkononi hatukuwaga nazo, na hata ningepata usafiri saa ileile, nisingewahi kwenda na kurudi. Nilisimama pale namwangalia Florian anachapa kwa kidole kimoja. Jamani, sikuwa na la kufanya.

Programu yake ikafanya kazi. Florian akachaguliwa.

Nilipokuwa natafuta gari akanikimbilia, akaniwekea mkononi diski aliyokopiwa na profesa.

"Mpe Danford. Mwambie haina virusi."

Ndugu zangu, ukizoea kunyima, unaona dunia nzima inanyima kama wewe. Kaka yangu hakuponzwa na Mzee Machage. Alibaki kitandani kwa sababu haikumwingia akilini kwamba kuna mtu anaweza kuja na kitu, akagawa bure.

Ile diski anayo hadi leo. Ukimwomba akukopie, hakuulizi hata jina.