Kigae Nilichofukizia Ubani

Haya nayasema mwenyewe kabla hamjayasikia kwa dereva Ilunga, maana yeye akisimulia anaongeza pilipili: mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, niliaibika mbele ya wageni wa heshima kwa sababu ya kipande cha chungu.

Miaka ile ya ukame nilitoka Bertrams, mtaa wa Joburg ninakoishi, nikaenda kuwapikia watu wa chuo waliokuwa wakichimba mahame ya watu wa kale huko mashambani, nje ya Joburg (kazi nzuri, ila choo kilikuwa jirani na jiko, na maji hakuna). Sasa mimi Alhamisi jioni lazima nifukize ubani, nimezoea hivyo tangu Tanga, na chetezo nilikisahau nyumbani. Nikaona kwenye ndoo yao ya vitu walivyochimbua kigae kimebonyea vizuri, kina nakshi, nikatia makaa, nikafukiza hema langu zima, asubuhi nikakifuta nikakirudisha, maana mimi si mwizi.

Baadaye wakaja wageni, wale wanaotoa pesa za kuchimbia. Profesa, mama mmoja mpole (ndiye aliyeniandika kazi), akainua kigae kile kile. Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi, akawa ananitafsiria: eti kina harufu ya ubani, na ubani unatoka Uarabuni, ndio huo waliouziwa Warumi, kwa hiyo watu wa hapa walifanya biashara na dunia nzima. Wageni wakapiga makofi. Nami nikapiga, ningefanyaje?

Kikapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu ananusa, mpaka kikafika kwa Ilunga.

“Eish, Mzee,” akasema kwa sauti, “hii arufu si ni ya mu tenti yako?”

“Nyamaza, wewe.”

“Njo yenyewe!” akashikilia, yaani ndiyo hiyo hiyo.

Profesa akauliza kuna nini. Nikaona nikinyamaza, yule mama ataandika kitabu kizima juu ya moshi wangu, na nikisema, kazi imekwenda. Nikakusanya Kiingereza changu cha kuokoteza, nikamwambia: “Madam, Warumi hawamo. Ni mimi.” Nikatoa pakiti ya ubani mfukoni, ile yenye picha ya ngamia.

Profesa akamtazama yule ngamia muda mrefu. Kisha akawaambia wageni chakula kiko tayari. Hakikuwa tayari.

Kazini sikufukuzwa, ila ndoo zote zilitiwa kufuli. Nami nimeapa: hata nyumbani sahani ikivunjika namwita mke wangu aokote, mimi nasimama mlangoni, mikono nyuma.